Mkono wa Mganga na Ulimi Wake



Nimefanya kazi ya kuuguza wagonjwa huku kwetu Kivu kwa miaka zaidi ya thelathini. Zamani, watu walipotaka kujua habari ya ugonjwa, walikuja kuniuliza: "Mganga, mtoto ana homa, tufanye nini?" Siku hizi wanakuja na swali la namna nyingine. Wananionyesha simu, au wananisimulia yale waliyoyaona jana jioni katika televizyo ya jirani, wakisema: "Tazama, mganga huyu anafundisha hivi, na wewe ulituambia vile. Basi, tumwamini nani?" Swali hilo si dogo. Nimeona watu wakifa kwa sababu walimfuata mwenye kusema vizuri, wakamwacha mwenye kuganga vizuri.

Kwa hiyo leo nataka tuwaze pamoja habari ya watu wenye kazi mbili. Ni waganga kwelikweli, tena ni watangaza habari. Asubuhi wamevaa nguo za chumba cha kupasulia, na jioni wamesimama mbele ya kamera. Je, mtu mmoja aweza kufanya kazi hizo mbili bila kuharibu mojawapo? Na sisi tunaosikiliza, tumpime kwa kipimo gani?

Tuanze na desturi ya zamani. Tangu siku za Hipokrati, yule Mgiriki aliyeishi miaka mia nne na zaidi kabla ya kuzaliwa kwa Kristu, waganga wanaapa kutunza siri za wagonjwa wao. Tena katika nchi nyingi za Ulaya mganga alikatazwa kujitangazia sifa, kama mchuuzi anavyotangaza bidhaa zake sokoni. Ndiyo maana Charles Hill, mganga Mwingereza, alipofundisha watu habari za chakula na afya katika radio ya BBC wakati wa vita kuu ya pili, jina lake halikutajwa. Watu walimwita "Mganga wa Radio", basi. Sauti yake ilijulikana nyumba kwa nyumba, lakini jina lilifichwa, asije akaonekana anajitafutia wagonjwa.

Baadaye ikaja televizyo. Huko Ufaransa, Igor Barrère, mtu aliyesomea uganga, pamoja na mwandishi Étienne Lalou, walianza katika miaka ya 1950 kuwaonyesha watu kazi za hospitali. Chumba ambacho mtu wa kawaida aliingia humo akiwa mgonjwa tu, tena amelala bila fahamu, sasa mlango wake ulifunguliwa mbele ya macho ya watu wote. Lakini sauti peke yake yaweza kujificha, uso hauwezi. Tangu siku hiyo mganga mwenye kutangaza akawa mtu wa kujulikana njiani. Na mtu akijulikana njiani, majaribu yake yanazidi.

Kati ya waganga wa namna hiyo nimechagua mmoja, kwa kuwa maisha yake yanatuonyesha vizuri faida na hatari ya kazi hizo mbili. Jina lake ni Sanjay Gupta. Alizaliwa mwaka 1969 katika jimbo la Michigan, Marekani. Wazazi wake walitoka India. Mama yake alizaliwa Sindh, nchi ambayo sasa ni ya Pakistan, na mwaka 1947, India ilipogawanyika, alikimbia pamoja na jamaa zake akiwa mtoto. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kuelezwa maana ya neno "kukimbia". Mtoto huyo mkimbizi alisoma, akavuka bahari, na akawa mwanamke wa kwanza kuwa mhandisi katika kiwanda cha magari cha Ford. Mwanawe naye alisomea uganga katika chuo kikuu cha Michigan, akamaliza mwaka 1993, kisha akajifunza kazi ya kupasua ubongo. Tangu miaka mingi anafanya kazi hiyo katika mji wa Atlanta, katika chuo kikuu cha Emory na hospitali ya Grady, ambayo inajulikana kwa kuwapokea maskini wa mji.

Mwaka 2001 aliingia katika televizyo ya CNN kuwa mtangazaji wa mambo ya afya. Hakuacha kisu chake. Alifanya kazi zote mbili kwa pamoja.

Mwaka 2003 vita vya Iraki vilipoanza, alitumwa huko kama mtangazaji. Alifuatana na waganga wa jeshi la Marekani waliokuwa wakipasua majeruhi ndani ya mahema, karibu na mahali pa mapigano. Kazi yake ilikuwa kutazama na kusimulia. Lakini waganga wale hawakuwa na fundi wa kupasua ubongo. Siku moja akaletwa mtoto wa Iraki, wa miaka kama miwili, ameumizwa kichwani. Wakamgeukia mtangazaji, wakamwomba avue mikro, avae glavu. Alikubali, akampasua. Mtoto yule hakupona.

Baadaye akaletwa askari aliyepigwa risasi kichwani, ambaye wenzake walidhani amekwisha kufa. Hapakuwa na chombo cha hospitali cha kutobolea fuvu. Wakachukua kekee ya kawaida, kama ile ya mafundi wa mbao, wakaisafisha mpaka ikawa safi kama vyombo vya kupasulia, naye Gupta akaitumia. Askari huyo aliishi. Jumla aliwapasua watu watano huko.

Basi maneno yakazuka. Wenye kufundisha kazi ya kuandika habari waliuliza: mtangazaji anayeingia mwenyewe ndani ya habari, atawezaje kuisimulia bila upendeleo? Akiwasaidia waganga wa jeshi leo, kesho atathubutu kusema makosa yao? Msicheke maswali hayo. Yana akili ndani yake. Shahidi akiwa pia mtenda kazi, ushuhuda wake unahitaji kupimwa mara mbili.

Lakini mimi ni mwuguzi, nami ninajibu kwa akili za mwuguzi. Mtu akiwa na mkono wa kuokoa, na mbele yake yupo anayekufa, na hakuna mwingine wa kumsaidia, mkono unatangulia na ulimi unafuata. Kazi ya kutangaza aliipewa na kampuni, nayo kampuni yaweza kuichukua. Ufundi wa kuganga umo ndani yake hata usiku akilala. Je, angesimama na kalamu, akahesabu pumzi za mtoto mpaka zikome? Mganga wa namna hiyo, nani angeamini neno lake tena? Wala tusisahau: mtoto wa kwanza alikufa. Gupta hakufanya ile kazi kwa sababu alijua atashinda. Aliifanya kwa sababu aliombwa, na palikuwa na nafasi ndogo.

Jambo kama hilo lilitokea tena Haiti. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la nchi lilibomoa mji wa Port-au-Prince na miji ya karibu. Siku chache baadaye, katika hospitali moja ya mahema, waganga Wabeleji waliambiwa waondoke usiku kwa sababu ya hatari ya fujo. Wakaondoka. Wagonjwa wakabaki wamelala. Gupta na watu wake wa kamera wakabaki nao. Usiku kucha akawafuata mmoja mmoja, akitazama maji ya mishipa na damu na pumzi, mpaka asubuhi waganga waliporudi. Kisha aliitwa kwenye manowari ya Marekani, Carl Vinson, kumpasua msichana wa miaka 12 aliyekuwa na kipande cha saruji ndani ya kichwa.

Ninyi mliokwisha kulala hospitalini mnajua usiku ni nini. Mchana jamaa wanakuja, mapadri wanapita, waganga wanazunguka. Usiku mgonjwa anasikia hatua za miguu, na kila hatua ni tumaini. Hatua zikikoma, hofu inaingia. Kubaki usiku na watu wasio wako ni kazi kubwa kuliko hotuba nyingi.

Hata hivyo sitaki kuficha upande wa pili: usiku ule wa Haiti kamera ilikuwapo. Ulimwengu uliona. Wako waliosema kwamba ni kujionyesha. Moyo wa mtu hatuwezi kuupasua na kuutazama, basi tusimhukumu. Lakini hatari yenyewe ni kweli, na mimi nimeiona kwa macho yangu.

Ilikuwa mwaka 2019, wakati wa Ebola. Kikundi cha watangaza habari kilifika mahali tulipokuwa tukitunza wagonjwa. Sitaji walikotoka. Mama mmoja alikuwa amesimama nje ya uzio, akimtazama mtoto wake aliyelazwa upande wa ndani. Mwenye kamera akaja karibu. Mama akavuta kitenge, akafunika uso. Kamera haikuondoka. Nikamwambia yule bwana: "Mama huyu hajakubali." Akanijibu kwamba ni kwa faida ya watu wengi, wapate kujua. Ndipo mama akanigeukia, akasema: "Baba mganga, mtoto wangu bado yu hai. Mbona wanamtazama kama maiti?"

Sikuwa na jibu la kumpa, nikasimama tu kati yake na kamera mpaka wakaondoka. Tangu siku hiyo nimelifikiri sana neno lake. Mtangazaji anatafuta wengi. Mganga amepewa huyu mmoja. Kwa mtangazaji, kilio cha mama ni habari. Kwa mganga, ni siri aliyoaminiwa. Mtu mwenye kazi mbili anabeba macho ya namna mbili katika kichwa kimoja, na kila saa lazima achague atazame kwa macho yapi. Tena mgonjwa aliyelala, ambaye uzima wake umo mikononi mwa mganga, atawezaje kukataa mganga huyo akimwomba apigwe picha? Atasema ndiyo kwa mdomo, huku moyo unasema hapana. Kwa hiyo mganga mwema haombi ruhusa tu. Anamtazama mgonjwa usoni, na akiona shaka anazima kamera yeye mwenyewe.

Tuje sasa kwenye ulimi. Mganga akikosea dawa kitandani, anaumiza mmoja. Akikosea neno katika televizyo, anaumiza maelfu ambao hatawaona kamwe. Tazameni mfano mdogo. Mwaka 2007 Gupta alichunguza sinema ya Michael Moore juu ya hospitali za Marekani. Alisema kwamba sinema ile ilitaja dola 25 kuwa fedha ambazo Kuba inatumia kwa afya ya mtu mmoja kwa mwaka. Kumbe sinema ilitaja dola 251. Tarakimu moja imeanguka, na maana yote imepinduka. Moore alikasirika, wakabishana mbele ya watu wote. Televizyo ile ikakiri kosa na kuomba radhi. Nyumbani kwetu wauguzi tunajua jambo hili: nukta moja katika karatasi ya dawa yaweza kumponya mtoto au kumwua.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mwaka 2009 Gupta aliandika kwamba hakubali bangi itumiwe kuwa dawa. Mwaka 2013 aliandika tena, akasema alikuwa hakuchunguza vya kutosha. Alikuwa amekwenda kuzungumza na wachunguzi, akawaona wagonjwa, hata mtoto mwenye kifafa kikali ambaye dawa nyingine zilishindwa kumsaidia. Akaomba radhi mbele ya watu. Tafadhali msinisikie vibaya: sisemi bangi ni njema, nimeona vijana wengi walioharibiwa nayo. Nasema kwamba mtu mwenye sifa kubwa alithubutu kusema: "Nilikosea, na sababu zangu ni hizi." Mdanganyifu hasemi hivyo kamwe. Mwuza dawa wa sokoni, ambaye chupa yake moja inaponya kisukari na utasa na wivu wa mke, umewahi kumsikia akisema mwaka huu kwamba mwaka jana alikosea?

Kuna jambo la tatu. Mwanzoni mwa 2009 serikali ya Rais Obama ilimfikiria Gupta kwa cheo cha mganga mkuu wa taifa. Mwezi wa Machi alijiondoa, akisema anataka kuwa karibu na jamaa yake na kuendelea na kazi yake ya kupasua. Mimi nalipima jambo hilo hivi: mtu huyu alijua kwamba ulimi wake unakula katika sahani ya mkono wake. Watu wanasikiliza maneno yake kwa sababu wanajua kuwa juma hili hili ameshika kisu. Mkono ukilala miaka mingi, ulimi utabaki na sifa za zamani tu, kama mti uliokauka ambao bado umesimama.

Ndugu zangu, kwa nini nawaletea habari hizi za mbali? Kwa sababu hapa kwetu tumelipa bei ya maneno. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ikafika Ituri, ilikwisha tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu 2287. Kinga ilikuwapo, watu zaidi ya 300.000 walichanjwa. Lakini maneno yalikimbia mbele ya kinga. Wengine walisema ugonjwa haupo. Wengine walisema waganga wameuleta wapate fedha. Basi wagonjwa wakafichwa nyumbani, wakawaambukiza mama zao na dada zao waliowaosha.

Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo, wakamwua mganga aliyetoka Kamerun, aliyetumwa na Shirika la Afya la Ulimwengu. Na mwezi wa Novemba mwaka ule ule, katika kijiji cha Lwemba, jimbo la Ituri, mtangazaji wa radio ya kijiji aliuawa nyumbani kwake. Alikuwa akiwafundisha watu habari za Ebola. Mmoja alikuwa mkono, mwingine alikuwa ulimi. Wote wawili waliuawa na uwongo ule ule.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba kusema habari za afya ni kazi nyepesi, ya kukaa kitini tu. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa. Tena niliona jambo hili: watu hawakushindwa na mabango wala vipaza sauti vya magari makubwa yaliyopita kwa haraka. Walisadiki walipomwona jirani yao aliyepona, ambaye amekaa nao kwenye kiti kile kile, akajibu maswali yao hata yale ya ovyo. Watu wanaamini neno la yule ambaye wamekwisha kuuona mkono wake.

Gupta naye alijifunza hivyo. Wakati wa korona, watu wengi Marekani walikataa chanjo. Mwezi wa Oktoba 2021 alikwenda kwa Joe Rogan, mtu ambaye maongezi yake yanasikilizwa na mamilioni, na ambaye alikuwa na mashaka juu ya mafundisho ya waganga. Wakakaa wakizungumza muda wa saa tatu. Wengine walimlaumu Gupta kwa kwenda huko, wengine walisema alishindwa na maneno. Mimi namsifu kwa safari yenyewe. Kuwafundisha wanaokubali ni rahisi. Mganga haendi kwa wazima tu.

Basi nirudie swali lenu: tumwamini nani? Sitawapa jina la mtu. Nitawapa maswali matatu, mpate kumpima kila mganga wa televizyo na wa simu, na mimi pia.

Swali la kwanza: mkono wake uko wapi? Je, anatunza wagonjwa, au alisomea wapi, na nani amemwona akifanya kazi? Vazi jeupe linauzwa sokoni kama vazi lingine.

Swali la pili: anasahihisha? Je, anasema amelijua jambo lake kwa njia gani, na likibadilika anakiri? Asiyekosea kamwe si mganga, ni mwuzaji. Tena tazameni kama mwisho wa maneno yake ni ushauri wa kwenda hospitalini, au ni namba ya kutuma fedha.

Swali la tatu: anamheshimuje yule mgonjwa mmoja? Akionyesha madonda ya watu ili tumshangilie yeye, tumwache. Akimfunika mgonjwa na kutufunulia ugonjwa tu, huyo tumsikilize.

Nanyi vijana mnaosomea uganga, au mnaofanya kazi katika radio zetu ndogo, msiogope kuunganisha kazi hizo mbili. Nchi yetu ni kubwa, waganga ni wachache, na sauti inavuka mito ambayo gari haliwezi kuvuka. Semeni kwa lugha ambayo bibi kizee wa kijijini anaifahamu. Lakini kumbukeni utaratibu: kwanza mgonjwa aliye mbele yenu, kisha wale elfu wanaosikiliza. Mkiwapanga kinyume, mtawapoteza wote.

Na sisi wengine tusione haya kuuliza, kwa maana kuuliza si ujinga. Mtu akiwaambieni jambo la ajabu juu ya dawa, msilipeleke kwa jirani kabla ya kulipeleka kwa mwuguzi wa zahanati yenu. Njooni hata usiku. Tutazungumza.